Paa la Cortina limefura: lipakwe rangi au livikwe vinili mpya?

SWALI

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Ford Cortina 2000E ya mwaka 1974. Injini inawaka vizuri, shida ni paa. Lile kava jeusi la vinili limepasuka upande wa mbele, na karibu na kioo cha nyuma limeinuka malengelenge. Gari limekaa miaka mingi chini ya turubai hapa kwetu Pasiansi, Mwanza. Fundi mmoja anasema tung'oe kava lote tupake rangi ya bodi, yaishe. Mwingine anataka tununue reksini ya makochi mjini na gundi ya viatu, anasema ni kazi ya siku moja. Mimi ningependa libaki kama baba alivyolipenda. Tena dada yangu anaolewa Desemba, familia inataka gari hilo ndilo libebe maharusi. Nimsikilize nani, na nijiandae kwa gharama gani?

JIBU

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Mafundi wako wote wawili wanabishana kuhusu kitakachokaa juu ya bati, na hakuna hata mmoja aliyeliona bati lenyewe. Katika maelezo yako yote, kilichonishtua ni malengelenge ya kule nyuma. Vinili kupasuka mbele ni uzee tu, kunatibika. Malengelenge karibu na kioo cha nyuma yana maana mbili, na tofauti yake ni kubwa mfukoni mwako.

Subiri saa sita mchana jua likiwa limewaka, kisha bonyeza kila lengelenge kwa dole gumba. Likibonyea laini na kurudi polepole, gundi imeachia na hewa imeingia chini. Ukihisi chembe zinasagika chini ya kidole, au pagumu pasipobonyea, hiyo ni kutu. Chuma kikishakuwa kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko kilivyokuwa, ndiyo maana huisukuma vinili juu. Kisha chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa isikwaruze, uipitishe taratibu kwenye nguzo mbili za nyuma, kwenye kona za chini za kioo cha nyuma, na juu ya ule mfereji wa mvua ulio juu ya milango. Inapokataa kushika, chini pana puti la zamani au pana tundu. Malizia ndani: bandua kidogo kitambaa cha dari kwenye kona ya nyuma, uangalie kama pana alama za kahawia za maji, na upapase chini ya kapeti la buti.

Kwa gari lililokaa miaka chini ya turubai, mimi ningeweka dau kwenye kutu.

Vinili hii ni tabaka la plastiki ya PVC lililowekwa juu ya kitambaa, kwa kawaida cha pamba, na kitambaa hicho ndicho kinachogundishwa kwenye bati. Maji hayahitaji mlango mkubwa. Yanaingia kwenye mshono uliofunguka, kwenye ufa, au kwenye matundu ya vibanio vinavyoshikilia mikanda ya nikeli, halafu pamba inayavuta kama utambi na kuyasambaza mbali na pale yalipoingilia. Juu kuna plastiki isiyopumua, kwa hiyo hayana pa kutokea. Bati linabaki na unyevu wiki nzima kwa mvua ya nusu saa.

Watu wetu hupenda kulisingizia ziwa. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya kula gari. Hayo ni matatizo ya wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam. Magari ya Mwanza huliwa na unyevu usiokauka, na turubai lako lilifanya kazi hiyo kwa bidii. Mvuke unapanda kutoka ardhini usiku, unagota kwenye turubai, unarudi kama matone juu ya paa, na hakuna upepo wa kuyakausha. Gari lililokaa uchi chini ya banda la bati lisilo na kuta lingekuwa na hali nzuri zaidi.

Jua nalo lina sehemu yake. Tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Miale inatupiga karibu wima mwaka mzima. PVC yenyewe ni ngumu, inalainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu. Joto na jua huyatoa mafuta hayo kidogo kidogo, plastiki inakuwa kavu na kusinyaa, na ikisinyaa inavuta mishono mpaka inaachia. Ukiona mtu anafuta paa la vinili kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae, mwambie aache. Linang'aa siku mbili, huku mafuta yale ya kulainisha yakizidi kuyeyushwa.

Sasa ushauri wa fundi wa kwanza, wa kupaka rangi. Si ushauri mbaya, ila anaupunguza uzito. Vinili ya 2000E ni pambo la gari lenyewe kama lilivyouzwa. Mtindo huo ulishika kasi Marekani, ambako Ford walitoa Thunderbird Landau mwaka 1962 ikiwa na paa la vinili la kuigiza magari ya paa la kukunja, na Waingereza wakaufuata. Cortina ya toleo la tatu, iliyotengenezwa kati ya 1970 na 1976, ni mtoto wa zama hizo. Viwanda viliupenda kwa sababu gari lilelile liliuzwa ghali zaidi. Na kwa kuwa bati la chini halikukusudiwa kuonekana, mara nyingi halikumaliziwa kwa uangalifu wa bodi nyingine. Ukilivua ukataka ling'ae kwa rangi, itabidi matundu yote ya vibanio yachomelewe na paa zima linyooshwe kwa msasa mpaka lisiwe na wimbi hata moja, maana paa ni pana, na jua la asubuhi likilipiga kwa pembeni kila kasoro inaonekana. Vinili husamehe mawimbi madogo. Rangi inayong'aa haisamehi. Kwa hiyo "tupake rangi yaishe" inaweza kuwa kazi ndefu kuliko kuvika vinili mpya.

Huyo wa pili, wa reksini ya makochi, mshukuru kwa nia yake na usimpe gari.

Reksini nyingi zinazouzwa kwa ajili ya makochi siku hizi si PVC, ni poliyurethani, ile ambayo baada ya miaka michache sebuleni huanza kubanduka magamba membamba na kushikana na nguo za wageni. Unyevu na joto huivunjavunja hata ikiwa ndani ya nyumba. Juu ya paa la gari Mwanza, haichukui muda. Kuna namna ya kuitambua dukani, au tuseme nje ya duka, maana moshi wake si wa kuvuta. Chukua waya wa shaba, ushike kwa koleo, uuchome kwenye moto mpaka uwe mwekundu na usitoe rangi yoyote. Ugusishe ukiwa wa moto kwenye kipande cha reksini ili kinate kidogo, urudishe kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, hiyo ni PVC. Usipogeuka, iache hapo.

Hata PVC ya makochi bado haijafuzu. Ile ya paa la gari imetengenezwa ivumilie jua, na mgongo wake ni kitambaa kilichofumwa kisichonyooka ovyo. Ya makochi mara nyingi ina mgongo wa kitambaa cha kuvutika, kilichokusudiwa kuzunguka kona za mto. Kwenye paa kitavutika vizuri siku ya kwanza, kisha kila siku ya jua kitataka kurudi kilikotoka. Agiza vinili iliyoandikwa kuwa ni ya paa la gari. Waingereza bado wanaiuza kwa mita kwa sababu wana magari mengi ya aina yako. Kwa kawaida roli ina upana wa sentimita 137. Kabla ya kuagiza, pima kwa uzi, si kwa macho: kutoka ukingo wa kioo cha mbele, juu ya paa, mpaka mwisho wa nguzo ya nyuma, uongeze sentimita 15 kila upande. Angalia pia chembechembe za uso wa vinili ya zamani, zipo za aina nyingi. Piga picha ya karibu ukiweka sarafu pembeni ili muuzaji aone ukubwa.

Gundi ni jambo ambalo ningetaka ulisimamie mwenyewe. Bati jeusi juani hupita nyuzijoto 70. Gundi nyingi za kawaida za kugusisha, ile ya viatu ikiwemo, huanza kulegea kwenye 60 hivi. Na kuna adui mwingine: yale mafuta ya kulainisha vinili hushuka taratibu mpaka kwenye gundi na kuigeuza utelezi, kama gundi haikutengenezwa kwa ajili ya vinili. Unahitaji gundi ya kugusisha ya mafundi wa viti vya magari, iliyoandikwa kuwa inavumilia joto kali na inafaa kwa PVC. Usiamini maandishi peke yake. Chukua kipande cha bati kilichopakwa rangi, gundisha ukanda wa vinili wa upana wa vidole viwili, acha ncha ining'inie na uifunge nati nzito. Kiweke juu ya paa la nyumba wiki nzima. Ukanda ukianza kujibandua, gundi hiyo mrudishie fundi viatu.

Tuje kwenye kazi yenyewe, na inaanza na vioo. Kwenye Cortina vinili imeingia chini ya raba ya kioo cha mbele na cha nyuma. Fundi atakayekuambia ataikata vinili pembeni ya raba na kuichomeka mpya kwa bisibisi bila kutoa kioo, hajui kuwa anafungua njia ileile ya maji. Vioo vitoke. Lakini kioo cha mbele cha Cortina hakipatikani kila duka la vipuri hapa mjini, kwa hiyo usikubali kisukumwe kwa miguu kutoka ndani, kama nilivyoona gereji nyingi zikifanya. Raba ya miaka hamsini imekauka na imeshikamana na kioo. Ikatwe mdomo wake wa nje kwa wembe kuzunguka pande zote, kioo kitoke chenyewe kwa mikono miwili ya watu wawili. Raba mpya utaagiza pamoja na vinili. Raba ni rahisi kupata kuliko kioo.

Mikanda ya nikeli itolewe polepole, kila kibanio kiwekwe kwenye mfuko wake na kuandikwa kilikotoka. Vinili ya zamani usiichane. Ivue ikiwa nzima kadiri inavyowezekana, ukiipasha kwa hita ya hewa ya moto, na uitunze iwe ramani ya mishono. Kumbuka tu kwamba imesinyaa. Anayekata mpya kwa kuifuata milimita kwa milimita atakuta haifiki kwenye mfereji.

Gundi ya zamani itolewe kwa joto na kikwangulio cha plastiki, kisha kwa kiyeyushi chake. Grainda yenye brashi ya waya inaonekana kuwa njia ya mkato, lakini inaiyeyusha gundi na kuipaka upya kwenye bati. Hapo ndipo utakapoliona paa la baba yako kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo bei ya kazi inajulikana.

Kutu ya juujuu isafishwe mpaka chuma cheupe. Palipotoboka pakatwe mpaka bati zima na pachomelewe kipande kipya. Puti juu ya tundu, chini ya vinili, ni mahali pa kuhifadhia maji, maana puti lenyewe hufyonza unyevu. Swali ni nani anachomelea. Fundi wa mageti, hata awe hodari vipi, mashine yake ya fimbo itatoboa bati la paa. Kuchomelea kwa gesi kunapinda bati pana namna hii, na likishapinda kulirudisha ni kazi ya wachache. Tafuta fundi bodi mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba, achomelee nukta moja moja, akiruka kutoka upande huu kwenda ule, akisubiri pale pa mwanzo papoe. Kitambaa cha dari kitolewe au kivutwe mbali kabla hajaanza, na pawe na mtu ndani ya gari mwenye maji na kizimamoto. Dari za magari haya hushika moto kimyakimya. Na kama kwenye maungio ya nguzo mtakuta metali laini ya kijivu, hiyo ni risasi iliyotumika badala ya puti. Isisagwe kwa grainda, vumbi lake ni sumu.

Baada ya hapo praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza juu ya bati, ile ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), ndiyo kinga ya kweli. Ukitumia dawa ya kugeuza kutu yenye asidi, ioshwe na kukaushwa kama maelekezo yanavyosema, kwa sababu epoksi haishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi. Puti, kama linahitajika, likae juu ya epoksi. Kisha rangi ya juu, nayo ya kuchanganya na hadna. Mafundi wengi watakuuliza kwa nini upake rangi mahali pasipoonekana. Sababu ni mbili. Praima ya kawaida hupitisha unyevu, na viyeyushi vya gundi hukunja rangi ya kawaida, ile ya kuchanganya na thina tu, mara inapogusana nayo. Iache ikauke wiki mbili kabla ya kuleta gundi. Ukiharakisha, vile viyeyushi vilivyobaki ndani ya rangi vitatoka baadaye na kukutengenezea malengelenge mapya kabisa.

Siku ya kuvika vinili ndiyo inayohitaji hali ya hewa kuliko ufundi. Gundi ikikauka inapoza uso wake, na hewa ikiwa na unyevu mwingi ukungu mwembamba hutua juu yake. Utaona inafanya weupe. Iliyofanya weupe haishiki. Kwa Mwanza, miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, ndiyo yake. Fanya kazi kivulini, kuanzia kama saa nne asubuhi umande ukiisha, na uwe umemaliza kabla ya jioni. Jioni ina tatizo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda hewani na kufuata taa. Huko Pasiansi mnawajua. Wakitua kwenye gundi mbichi huwatoi, na kila mmoja ataonekana kama kipele chini ya vinili.

Vinili ikunjuliwe juani kwanza mpaka ilegee. Paa lisuguliwe kwa msasa namba 320, lifutwe, lichorwe mstari wa katikati kutoka kioo hadi kioo. Nyuma ya vinili nako uchorwe mstari wa katikati. Kama ya zamani ilikuwa na mishono, mpya ishonwe kwanza na fundi wa viti, na mishono iwe sambamba na ule mstari, kwa sababu mshono uliopinda sentimita moja utaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ilaze vinili kavu juu ya paa, iweke sawa pande zote, kisha ikunje nusu moja juu ya nyingine. Paka gundi kwenye nusu ya paa na nusu ya kitambaa. Kitambaa kipakwe mara mbili kwa sababu kinainywa. Subiri mpaka ukigusa kwa kidole haivutiki uzi. Halafu watu wawili waishushe kuanzia mstari wa katikati kwenda nje, mmoja akishika na mwingine akisukuma kwa rola. Gundi ya namna hii haina marekebisho, ikigusa imegusa. Nusu ya pili inafuata vivyo hivyo.

Usiivute kwa nguvu kuondoa mikunjo. Mikunjo midogo kwenye kona hutolewa kwa hewa ya moto kidogo na kwa subira. Ukizidisha moto, chembechembe za vinili zinalala na pale patang'aa milele. Kwenye kona za vioo utahitaji kuchanja vipande vidogo ili vinili ikunjike, na chanjo ziishie mahali patakapofunikwa na raba. Kama hukukuta sponji chini ya kava la zamani, usiruhusu mtu akushawishi kuweka sponji ili "litune". Sponji hushika maji ya mvua, na hapa hakuna anayeyahitaji. Kazi yote hii ifanyike mahali pa wazi, bila sigara, na jiko la mama lishe likiwa mbali. Mvuke wa gundi hizi unashika moto.

Vioo vinarudi kwa kamba. Raba mpya inavishwa kwenye kioo, kamba nyembamba inazungushwa kwenye mfereji wake, ncha zinaingia ndani ya gari. Mmoja anasukuma kioo kutoka nje, mwingine ndani anavuta kamba na mdomo wa raba unaruka juu ya ukingo wa bati. Chini ya raba, na katika kila tundu la kibanio cha nikeli, wekeni mastiki ya magari isiyokauka. Msiweke silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi, na asidi hiyo inaanzisha kutu palepale mlipotaka kuizuia. Mwisho mwagieni maji kwa mpira dakika kumi, mtu akiwa ndani na tochi, kabla kitambaa cha dari hakijarudi.

Matunzo hayana mengi. Sabuni laini, brashi laini, maji, na kinga ya jua isiyo ya mafuta. Turubai liuze. Na usiegeshe chini ya miti wanayolala korongo. Wenye magari ya mjini wanajua ninachosema, kinyesi chao kikikauka juani hula hata rangi nzuri, na kwenye vinili huacha doa lisilotoka.

Kuhusu gharama, sitakutajia shilingi, na mwambie yeyote anayekutajia bei ya jumla leo kwamba bado mapema. Gawa kazi mafungu matatu: kuvua na kutoa vioo, kazi ya bati na rangi, kisha kuvika vinili. Lipa fungu la kwanza tu, ndipo mkae mpatane la pili mkiwa mnaliangalia bati. Kwa gari lililofura karibu na kioo, fungu la pili kwa kawaida huwa kubwa kuliko mengine yote. Kama fedha ni kidogo, zipeleke huko. Vinili inaweza kusubiri, bati haliwezi.

Na hilo linanileta kwenye harusi. Mvua za vuli zinaanza Oktoba. Ukijaribu kumaliza yote kabla ya Desemba utagundisha vinili katika unyevu, na ukiagiza vinili na raba leo, sehemu ya muda huo itakuwa imeliwa na safari ya mzigo. Mimi ningefanya hivi: vua kava sasa, tengeneza bati, paka epoksi na rangi ya juu nyeusi isiyong'aa sana, chini ya banda, mvua inyeshe itakavyo. Rudisha vioo kwa raba mpya na mastiki ileile isiyokauka, ziba matundu ya vibanio, weka mikanda ya nikeli kwenye boksi. Kutoka mbali paa litaonekana jeusi kama lilivyokuwa. Juni vioo vitoke tena, na safari hii raba ikiwa changa itatoka kwa mikono bila wembe. Mastiki isafishwe mpaka isibaki hata alama, bati lisuguliwe, vinili ivikwe katika kiangazi.

Siku ya harusi yenyewe ongea na wapambaji mapema. Wasibandike riboni wala maua kwa selotepu juu ya rangi hiyo mpya, na wasitumie zile sumaku za mapambo bila kitambaa chini. Wafunge riboni kwenye vishikio vya milango na bampa.